Kiti cha Mama Katika Nyumba ya Mawe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani nilifika katika ile shule ya sanaa kwa kupenda sanaa, au kwa kupenda safari. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi kwetu Katelembo kupumzika kidogo, na mapumziko yakaninogea. Baadaye nikajifunza kutengeneza redio, kazi nzuri sana kwa mtu wa aina yangu, maana redio ikiharibika mwenyewe huibeba mpaka kwako. Nilikuwa na meza chini ya dirisha, kiti cha mbao chenye mto uliokwisha kuchukua umbo langu, na chai ya saa nne ambayo haikuwahi kunikosa. Mke wangu aliniita mwenyekiti. Wageni walidhani nina chama.

Kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba, boma lilibaki mikononi mwangu, na mama akabaki nami. Tulimwita Mwaitu, kama Wakamba wote wanavyomwita mama. Mwaitu hakuwa mtu wa nyumbani hata kidogo. Siku ya soko ungemwona akielekea mjini Machakos kwa miguu, mzigo mgongoni, mkanda wa mzigo umepita juu ya paji la uso, na mikono, kwa vile haikuwa na kazi nyingine, ikisuka kyondo. Kyondo ni kile kikapu chetu cha nyuzi za katani. Aliusokota uzi mwenyewe juu ya paja, akautia rangi kwa magome na matope, akaanza kusuka pale pale langoni petu. Alisuka akisalimia watu. Alisuka akivuka lami. Alisuka akigombana na mbuzi wa jirani, bila kuangalia chini hata mara moja.

Hata umbali aliupima kwa kyondo. Ukimuuliza ni mbali kiasi gani kwenda kwa dada yangu, alikuonyesha kwenye kikapu: kutoka hapa mpaka pale rangi nyekundu inapokwisha. Machakos mjini ilikuwa upana wa kiganja. Nairobi hakuipima, kwa sababu huko watu huenda kwa gari, na alisema safari ya gari haina urefu wowote.

Sasa, kule mjini kulikuwa na nyumba za mawe. Wazungu walizijenga zamani sana, wakati Machakos ilikuwa ofisi yao kabla Nairobi haijawa kitu cha maana. Kuta nene kama kifua cha ng'ombe dume, mabati mekundu, veranda pana inayozunguka nyumba kubwa pande zote nne. Mwaitu aliijua nyumba hiyo kubwa tangu akiwa msichana. Alikuwa akifuatana na baba yake kwenda kulipa kodi. Watu wetu walisimama uani juani tangu asubuhi mpaka waitwe. Siku moja miguu ilimchoka, akaketi kwenye ngazi ya veranda. Askari akaja, akamshika sikio, akamwinua nalo.

"Hapa hapakaliwi," askari alimwambia.

Hadithi hiyo tuliisikia mara nyingi. Aliisimulia akicheka, akimwigiza askari kwa sauti nene, na sisi tulicheka naye. Lakini kila alipofika pale pa sikio, mkono wake ulipanda wenyewe kulishika.

Wazungu walipoondoka, nyumba zile zikawa ofisi za serikali yetu, kisha ghala la mahindi ya msaada, kisha makao ya popo. Mvua ya El Nino ikaezua sehemu ya paa, na tukadhani mambo yameisha. Kumbe watu wa mji walikuwa wamechoka kuzitazama zikianguka. Walimu wastaafu, akina mama wa makanisa, maseremala wa sokoni wakaunda kamati. Msomali mmoja mfanyabiashara wa mbuzi akatoa lori lake libebe mchanga, na alipoulizwa sanaa inamhusu nini akasema haimhusu, ila amechoka kufunga mbuzi wake karibu na nyumba inayotoa popo. Wakafagia, wakaezeka, wakafungua shule ya sanaa ya watu wa kawaida. Hakuna mtihani wa kuingia. Ukiwa na mikono, karibu.

Msimamizi wa shule alikuwa mwalimu mstaafu wa kike, mnene, mcheshi, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula. Alikutana na Mwaitu barabarani siku ya soko, akatembea kando yake akiitazama mikono ile, na wiki iliyofuata akaja kwetu. Nilimpa kiti changu mwenyewe, jambo ambalo mke wangu bado huwakumbusha watu.

"Mama," alisema, "watoto wetu wanajua kusuka kwa nailoni tu. Uzi wa katani hawaujui, rangi za udongo hawazijui. Tunataka uje uwafundishe."

"Mimi?" Mwaitu akacheka. "Mimi shule sikuona hata mlango."

"Hii haina haja ya shule. Ila sitakuficha. Kuna wanakamati wanaosema kusuka ni mambo ya kizamani, chumba wapewe watu wa cherehani. Nimewaomba waje waone somo lako la kwanza. Wakiridhika, wewe ni mwalimu wetu. Wasiporidhika, chumba ni cha cherehani."

Mwaitu alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Mkono ukasimama.

"Hiyo chumba iko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Katika ile nyumba kubwa."

"Ile ya veranda? Na mimi nitakaa wapi?"

"Tutakutafutia kiti kizuri, Mama."

"Ndani?"

"Ndani kabisa."

Mwaitu akayarudia maharagwe yake. "Basi nitakuja," akasema, kama mtu aliyekubali kuazima jembe.

Wiki ile yote alikuwa mtu mwingine. Alisokota uzi mpaka paja likawa jekundu. Alifua leso yake ya Jumapili mara mbili. Nilimsikia akiwaambia kuku kwamba wazoee, mwalimu hapigi kelele mara mbili. Akanijia mezani, akanitazama nikifungua redio, akasema kwa Kikamba chetu, taratibu, "Unajua, askari yule alikwisha kufa. Lakini ngazi ile ipo." Ndipo nilipojua kwamba kama kamati ingemkataa katika nyumba ile, angekuwa ameinuliwa kwa sikio mara ya pili, na safari hii hangeweza kulicheka.

Kwenda naye hakukuwa wazo langu. Lilikuwa la mke wangu.

"Nenda na mama," alisema.

"Nina redio tatu hapa."

"Redio hazitakimbia. Si zimeharibika?"

Kwa heshima kubwa shule ilituma pikapu. Mwaitu alipandishwa mbele, leso kichwani, mfuko wa nyuzi mapajani. Mimi nikapanda nyuma pamoja na magunia ya udongo wa kufinyangia. Tulifika mjini mapema na bila vumbi, na nilifikiri moyoni: hivi ndivyo mwalimu anavyofaa kusafiri. Ni kosa ambalo Mkamba yeyote angelifanya. Ukitaka kumheshimu mama, unamwondolea safari na unampa kiti.

Tulizungushwa kwanza. Mimi, ambaye sikuwa nimekwenda hata maonyesho ya kilimo, nilitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa elimu. Penye mazizi ya farasi wa Wazungu, vijana walifinyanga vyungu. Katika chumba cha mahabusu, ambacho dirisha lake ni dogo na liko juu karibu na dari, msichana mmoja alichora mlima wa Iveti kwenye ukuta mzima. Alikuwa ameegemeza ngazi pale pale ambapo zamani pangefungwa mtu.

"Mbona hukuchora nje kwenye mwanga?" nilimuuliza.

"Nje mlima upo," akanijibu. "Humu ndani ndimo haukuwemo."

Nikamwambia kazi nzuri. Nilitoka mle kichwa kikiwa juu sana kwa mtu ambaye hakuwa amefanya lolote. Lakini ndivyo nilivyohisi. Vile vyumba vilikuwa vyetu. Hata magamba ya konokono ambayo wanafunzi walipambia lango yalikuwa yetu.

Kisha tukapanda ngazi ya veranda. Mwaitu alisimama kwenye daraja la pili, akaliangalia, akalikanyaga kwa mguu mzima, taratibu, kama mtu anayezima kijinga cha moto. Akaendelea.

Chumba cha kusuka kilikuwa kile alichokalia hakimu wa Wazungu zamani. Madirisha marefu pande zote, yote yakitazama veranda. Wanafunzi walikaa kwenye mikeka, wasichana na wavulana kadhaa, kila mmoja na fungu lake la nyuzi. Wanakamati walikaa ukutani kwenye benchi, na mmoja wao, mzee mrefu wa suti ya kahawia, alikuwa ndiye msemaji wa cherehani. Na katikati ya chumba kulikuwa na kiti. Kizito, cha mbao nyeusi, chenye mikono, kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa. Walikikuta ghalani, kiti cha ofisi ya zamani.

Mwaitu alikizunguka kwanza. Akakigusa mkono wa kushoto, akagusa mkono wa kulia. Akaketi. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukafika. Miguu yake ilining'inia kidogo. Akatazama dari, akatazama madirisha, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata kwenye kona, nikiwa nimekwisha kujipatia kigoda.

"Unaona?" aliniambia kwa midomo tu.

Naona, Mwaitu, nilimjibu moyoni.

"Haya," akawaambia wanafunzi. "Nyinyi angalia mkono yangu."

Akachukua nyuzi akaanza kitako cha kyondo, pale pa chini ambapo nyuzi hukutana na kuanza kuzunguka. Nilikuwa nimemwona akikianza mara nyingi kuliko siku nilizokula. Akazungusha, akavuta, akakwama. Akafumua. Akaanza upya. Safari hii akafika mbali kidogo, halafu uzi mmoja ukabaki nje kama mkia, na asijue ulitoka wapi. Akafumua tena. Msichana mmoja akamsogelea ili aone vizuri, na hapo vidole vya Mwaitu vikagongana kabisa.

"Ni hii uzi," Mwaitu akasema. "Imelala."

Wanafunzi walikuwa na adabu, hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Yule mzee wa suti ya kahawia akatazama saa yake, kisha akamtazama msimamizi wetu, kisha akaitazama kona moja ya chumba. Nilijua kabisa kwamba pale anaona cherehani imekaa.

Nikamsogelea mama nikainama.

"Mwaitu, kuna nini?"

"Vidole vyangu sivioni," alisema kwa Kikamba, sauti chini. Alikuwa akitabasamu ili watu wasijue. "Viko hapa lakini sivioni. Ni kama nimeazima mikono ya mtu."

Msimamizi akasema kwa upole, "Labda Mama amechoka. Tunaweza kuahirisha."

"Kamati haiwezi kuja kila wiki," mzee akasema.

Sasa, mimi elimu yangu ni ya sekondari, na sehemu kubwa yake ilipotelea kwenye redio. Lakini kuna somo moja ambalo nadhani hakuna aliyelisoma zaidi kuliko mimi katika wilaya nzima, nalo ni boma letu. Nimelikalia miaka. Najua kuku gani anataga wapi. Najua mlango gani hulia ukifunguliwa na nani. Nikiwa nimeinama pale nikajaribu kumwona Mwaitu ameketi nyumbani. Nikamwona na ungo wa maharagwe. Nikamwona akipukuchua mahindi. Nikamwona na mjukuu, na mguu wa mjukuu una mwiba. Nikamwona akisokota uzi. Nikamtafuta ameketi akisuka. Nikatafuta kila kona ya ule uwanja, hata jikoni wakati wa mvua. Hakuwepo. Akikaa, mikono yake ilikuwa ya maharagwe. Kyondo kilikuwa cha njiani tu. Hakuna aliyewahi kuligundua hilo, hata yeye mwenyewe.

Na sisi tulikuwa tumemleta kwa pikapu.

"Mwaitu," nikamwambia, "simama. Tembea."

Akanitazama kama nimemtukana.

"Sisimami."

"Wewe hujawahi kusuka umekaa. Fikiria. Hata siku moja."

Akafikiria. Nikaona uso wake ukikubali, halafu nikaona ukikataa tena.

"Katika nyumba hii nimesimamishwa mara moja," alisema. "Sasa nimepata kiti, na wewe, mtoto wa tumbo langu, ndiye unaniambia nisimame?"

"Si kusimamishwa. Ni kutembea tu."

"Nikiondoka watakitoa. Yule mzee anakitazama."

Ni kweli mzee alikuwa anakitazama, ingawa nadhani alikuwa anatazama saa ya ukutani iliyo nyuma ya kiti. Watu wote walitungoja. Na hapo, bila kufikiri, nikasema neno pekee ambalo lingeweza kumfanya anisadiki.

"Nitakukalia."

"Nini?"

"Kiti. Nitakikalia mimi mpaka urudi. Mwaitu, wewe unanijua. Kuna mtu amewahi kunitoa kitini?"

Alinitazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na nikajua anacheka.

"Hiyo kazi," alisema, "ndiyo moja najua unaiweza."

Akashuka. Nikakaa kabla mbao hazijapoa. Akakusanya nyuzi zake, akawapungia wanafunzi mkono, "Kujeni, kujeni," akatoka mlangoni mpaka kwenye veranda. Wanafunzi wakatazamana, wakanyanyua mafungu yao, wakamfuata.

Kutoka kitini pangu niliona madirisha yote. Kwenye dirisha la kwanza alipita akiwa anavuta nyuzi, kichwa bado kimeinama. Kwenye la pili kichwa kilikuwa juu. Alipofika la tatu alikuwa anaongea, na mikono ilikuwa chini kule inafanya mambo yake yenyewe, haraka, bila kuangaliwa. Nyuma yake walifuata wanafunzi katika mstari, wakigongana, mmoja akajigonga kwenye nguzo.

"Susu, pole pole basi!" msichana aliita, kwa maana susu ni bibi kwa Kikamba.

"Usiangalie mkono! Angalia njia!" Mwaitu akajibu kutoka upande mwingine wa nyumba. "Mkono itafanya nini kama hujui unaenda wapi?"

"Uzi umeniponyoka, Susu!"

"Rudi nyuma kidogo halafu uje tena. Mimi sisimami, mimi naenda sokoni!"

Walizunguka nyumba ile ya mawe, wakazunguka tena. Kila alipopita dirishani, kyondo kilikuwa kimekua. Mara ya kwanza kilikuwa kama kitufe. Baadaye kikawa kama kisahani cha chai. Wavulana walioanza kwa kuona haya sasa walikuwa wanashindana. Vijana wa vyungu wakatoka na udongo mikononi wakasimama uani, pale pale walipokuwa wakisimamishwa watu wa kodi, wakipiga makofi kufuatisha hatua. Wanakamati walitoka mmoja mmoja kwenda kuona. Hatimaye yule mzee akainuka pia, akafika karibu nami.

"Kijana," alisema, "hicho kiti ni cha mgeni wa heshima."

"Najua, Mzee. Nakishika."

Akaniangalia, hakuelewa, akaendelea mpaka dirishani. Akasimama pale akitazama. Mwaitu alipopita akamtolea fungu la nyuzi kupitia dirishani, bila kusimama, kama mtu anayemuuzia nyanya. Mzee alizishika kwa sababu hakuwa na jinsi. Dakika moja baadaye niliona suti ya kahawia ikipita dirisha la pili mwisho wa mstari, imefunga vishikizo vyote, inatafuta ncha ya uzi.

Moyo wangu ulijaa mpaka nikaogopa kupumua. Nilitaka kutoka nikamfuate, mimi pia, mimi niliyekimbia matembezi maisha yangu yote. Lakini nilikuwa nimeahidi. Nikashika mikono ya kile kiti, nikakikalia.

Walirudi jasho likiwatoka. Mwaitu alisimama mbele yangu, kyondo kichanga mkononi, leso imelegea.

"Toka," alisema.

Nikatoka. Akapanda, akaketi, akarudi nyuma mpaka mgongo ukafika. Hakusuka tena. Aliweka mikono yake juu ya ile mikono ya mbao, akatulia tu, na wanafunzi wakaketi mikekani mbele yake wakilinganisha vitako vyao, vingine vimepinda kama masikio. Hakuna aliyesema neno kuhusu cherehani.

Yule mzee alikuwa bado ameshika uzi wake. "Mwalimu," akasema, na ilibidi Mwaitu aangalie pembeni kuona anaitwa nani, "wiki ijayo utakuja?"

"Kiti itakuwa hapa?"

"Itakuwa hapo hapo," mzee akajibu, naye akiwa amekisahau kile Kiswahili chake cha suti.

"Basi msitume gari," Mwaitu akasema. "Nitakuja na miguu, ndiyo mkono ifike ikiwa macho." Kisha akaninyooshea kidole mbele ya kamati nzima. "Na huyu atakuja na mimi. Ni wa kiti."

Ndivyo nilivyopata kazi mjini. Kila Jumanne, kwa miaka kadhaa, mpaka magoti yake yalipomkatalia njia, nilitoka nyumbani kabla ya chai, nikatembea upana wa kiganja nyuma ya mama yangu, nikaketi katikati ya chumba cha hakimu huku yeye akizungusha darasa lake kwenye veranda. Wateja wa redio walikuta mlango umefungwa wakanung'unika. Wanafunzi wapya waliniamkia kwa heshima, wakidhani mimi ni mkuu wa shule. Sikuwasahihisha. Nilihesabu madirisha, nikamsubiri atokeze, na alipotokeza sikuweza kuzuia tabasamu.

Na mwisho wa kila somo alikuja akasimama mbele yangu, miguu ina vumbi, akaniambia, "Toka." Nikainuka upesi, nikafuta kiti kwa mkono wa shati langu, nikamshika kiwiko mpaka akae vizuri.